Upepo wa Texas Ni Kazi ya Wahafidhina

Mhadhara mbele ya wanajumuiya wa Afrika Mashariki, Dallas, Texas

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Nimepewa mada tatu: umeme wa upepo hapa Texas, vibali vya serikali kuu, na nyuklia. Wanaonijua wanajua kwamba mada ya kwanza itakula muda wa zile mbili. Na iule, maana ndiyo iliyonileta.

Texas inaongoza Marekani yote kwa umeme wa upepo, tangu ilipoipita California mwaka 2006. Mitambo iliyosimikwa ina uwezo wa takriban megawati 40,000. Na jimbo hili mara ya mwisho kumchagua gavana wa Democratic ilikuwa 1990, Ann Richards. Maana yake ni kwamba sheria kubwa zilizoleta mapanga yale ya upepo mnayoyaona mkipita Sweetwater na Abilene zilitiwa saini na magavana wa Republican, chama cha wahafidhina. Lakini nikilisema hili mbele ya wahafidhina wenzangu, wengine huanza kukohoa. Mimi nawaambia: acheni kukohoa, hii ni kazi yetu.

Ilianzaje? George W. Bush alipokuwa gavana, alimteua mwanasheria kijana, Pat Wood, kuongoza Tume ya Huduma za Umma, yaani chombo kinachosimamia umeme wa jimbo. Wood mwenyewe ameisimulia hadithi hii. Mwaka 1996 walikuwa kwenye kikao cha mambo mengine kabisa. Kikao kimekwisha, watu wanainuka, Bush akamwita: Pat, upepo tunaupenda. Wood akashangaa: tunaupenda nini? Bush akamwambia nenda ukausome. Basi. Hakukuwa na hotuba wala kamati. Na huyu ni mtu aliyekulia Midland, mji wa mafuta, akafanya biashara ya mafuta. Hakuwa na ugomvi na mafuta. Aliona kwamba jimbo lina mali nyingine juu ya ardhi ileile ambayo chini yake kuna visima.

Wakati huohuo kampuni za umeme za Texas ziliwakusanya wateja wao, watu wa kawaida waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakakaa mwisho wa wiki nzima kujadili umeme wao utoke wapi. Kabla ya mjadala, asilimia 52 walikuwa tayari kuongeza kidogo kwenye bili ili wapate umeme wa upepo na jua. Baada ya kusikiliza na kuulizana maswali wakafika asilimia 84. Watu hao ni Watexas wenye magari ya pikapu. Msiniambie mwananchi hajali. Mwananchi akiheshimiwa, akaelezwa gharama bila kufichwa, anaamua vizuri.

Mwaka 1999 Bush akatia saini sheria iliyofungua soko la umeme kwa ushindani, na ndani yake kukawa na lengo la megawati 2,000 mpya za nishati jadidifu kufikia 2009. Lengo likapitwa miaka kadhaa kabla ya wakati. Hapo ndipo tatizo lenyewe likajitokeza. Upepo uko magharibi, kule McCamey na Panhandle ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Wanunuzi wako Dallas, Houston, San Antonio. Nyaya za katikati zilikuwa nyembamba kwa mzigo ule. Kule McCamey mitambo ilikuwa inazimwa upepo ukivuma, kwa sababu umeme hauna pa kupita. Mwekezaji anasema sijengi mitambo mpaka nione laini. Kampuni ya laini inasema sijengi mpaka nione mitambo. Wote wawili wana haki, na wote wawili wamekaa.

Rick Perry, naye Republican, ndiye aliyekata fundo hilo. Mwaka 2005 alitia saini sheria iliyoiagiza tume ichague maeneo yenye upepo bora na kuhakikisha laini zinafika huko kwanza. Yakachaguliwa maeneo matano. Zikajengwa takriban maili 3,600 za laini za msongo mkubwa, kwa dola bilioni 7 hivi, na kufikia mwanzoni mwa 2014 kazi ilikuwa imekwisha, ikiwa na uwezo wa kubeba megawati 18,500. Fikirieni: tangu sheria hadi nyaya kuwaka, chini ya miaka tisa, kwa jimbo lenye ukubwa huu. Nitawaonyesha baadaye laini moja tu iliyochukua miaka zaidi ya hiyo kwa makaratasi peke yake.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: huo si uhafidhina, huo ni mpango wa serikali uliolipiwa na wateja wote. Nimeulizwa swali hili sana na nalijibu kwa furaha. Laini ni kama barabara. Serikali ikijenga barabara haijakuambia upitishe mahindi au saruji. Nyaya zilezile leo zinabeba umeme wa jua, zinabeba wa gesi, na mashamba ya mafuta ya magharibi yanautumia umeme huo kuendeshea pampu zake. Tume haikumchagulia mtu mtambo wala bei. Ilifungua njia, ikakaa pembeni, na wenye fedha wakahatarisha fedha zao. Na yule anayeuliza juu ya wenye ardhi, ni kweli, kule Hill Country walipinga vikali na baadhi ya laini zilibadilishwa au zikaachwa. Walisikilizwa. Kusikilizwa hakuhitaji miaka kumi na mitano.

Wale wa kutoka Kenya mnalijua hili kwa uchungu zaidi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365, megawati 310, ulikuwa umesimama tayari kule Loiyangalani mwaka 2017. Mapanga yapo, upepo upo, laini ya kilomita 438 kwenda Suswa haipo. Iliwaka Septemba 2018, na kwa kuchelewa huko Wakenya walitwishwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo hakuna aliyeitumia. Ndiyo maana mimi nikisikia mtu anazungumzia nishati safi bila kutaja laini, najua hajafika kwenye tatizo.

Sasa nije kwenye linaloniudhi, na mniwie radhi nikipandisha sauti.

Mwaka 2025, kule Austin, makao makuu ya jimbo, Seneti yetu yenye wingi wa Republican ilipitisha miswada mitatu. Wa namba 819 ulitaka kila mradi wa upepo au jua wa megawati 10 na kuendelea uombe kibali maalumu cha tume, na mtambo wa upepo ukae futi 3,000 kutoka mpaka wa jirani, isipokuwa jirani akubali. Mtambo wa gesi haukuguswa. Kisima cha mafuta hakikuguswa. Wa namba 388 ulitaka nusu ya uwezo mpya wa uzalishaji utoke kwenye vyanzo vinavyowashwa wakati wowote, na betri hazikuhesabiwa. Wa 715 uliwadai wenye mitambo ya upepo na jua, hata waliokwishajenga kwa masharti ya zamani, wawe na umeme wa akiba nyuma yao. Yote mitatu ilifia kwenye Baraza la Wawakilishi, namshukuru Mungu. Lakini walioipitisha Seneti ni watu wangu, watu niliowapigia kura!

Tukae tulitazame vizuri. Mfugaji ana ranchi aliyoachiwa na babu yake. Ukame umekuja, bei ya ng'ombe imeshuka, kampuni inataka kumlipa kila mwaka ili isimamishe mitambo huku ng'ombe wakiendelea kulisha chini yake. Serikali inamwambia hapana, kwanza uje Austin uombe ruhusa. Mhafidhina gani anakubali hilo? Tumefundishwa kwamba ardhi ni ya mwenyewe, mkataba ni mkataba, na sheria haibadilishwi baada ya mtu kumwaga fedha zake. Hizo ndizo nguzo zetu. Kuzivunja kwa sababu mtambo wenyewe unapendwa na mpinzani wako wa kisiasa ni kuuza imani kwa hasira.

Watanijibu: je, Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme wa jimbo? Nalijibu kwa heshima, kwa sababu watu walikufa. Hesabu rasmi ya jimbo ni watu 246, na miongoni mwetu wapo waliolala na watoto ndani ya magari yenye injini inayowaka ili wapate joto. Upepo uliganda, ndiyo. Lakini uchunguzi wa mamlaka za umeme za taifa uliotolewa Novemba mwaka ule ulionyesha kwamba katika mitambo yote iliyozimika au kushindwa kuwaka, asilimia 58 ilikuwa ya gesi, na ya upepo ilikuwa 27. Mabomba ya gesi yaliganda, na baadhi ya mitambo ya kuchakata gesi ilikatiwa umeme iliouhitaji ili kuisukuma gesi yenyewe. Dawa ya baridi ni kukinga mitambo dhidi ya baridi, ya kila aina. Kumwekea mtu mmoja vizuizi hakumpashi mtoto joto.

Na ruzuku? Mimi si mtetezi wa ruzuku. Nafuu ya kodi ya upepo ilianza 1992, Seneta Chuck Grassley wa Iowa akiwa mbele, Republican huyo, na Bush mzee akaitia saini. Imefanya kazi yake. Sheria ya Julai 2025 inaifunga kwa miradi mipya. Sawa, upepo usimame kwa miguu yake, unaweza. Lakini huwezi kumwambia mtu shindana sokoni, halafu ukamfungia mlango wa soko.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Vibali vya serikali kuu, basi, kwa haraka. Laini niliyowaahidi inaitwa TransWest Express: maili 732 kutoka Wyoming hadi Nevada, mali ya Philip Anschutz, tajiri mhafidhina, ya kubeba upepo wa Wyoming, jimbo la Republican kuliko karibu yote. Ombi liliingia 2007. Ruhusa ya kuanza ujenzi ilitoka 2023. Miaka kumi na sita! Sheria ya mazingira iliyo chanzo cha taratibu hizo ilisainiwa na Rais Nixon, 1 Januari 1970, na yenyewe ina kurasa chache tu. Ripoti zilizozaliwa nayo zilifika wastani wa kurasa zaidi ya 600 na miaka minne na nusu. Mwaka 2023 Bunge la Marekani likaweka ukomo wa kurasa 150 na miaka miwili. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu, kwa majaji 8 bila hata mmoja kupinga, ikaziagiza mahakama za chini zisizirefushe zaidi tathmini hizo. Nani ameruhusu mito ichafuliwe? Hakuna. Sheria za maji safi na hewa safi zipo palepale. Tunachotaka kipunguzwe ni kungoja.

Nyuklia nitaisema kwa sentensi mbili. Upanuzi wa kituo cha nyuklia cha Vogtle kule Georgia ulimalizika 2024 ukiwa umechelewa miaka saba na kugharimu zaidi ya dola bilioni 30, na sheria ya Julai 2024 inayoitaka tume ya nyuklia iharakishe leseni ilipata kura 88 kwa 2 katika Seneti ya Marekani. Waliobaki na maswali waje tuongee nje.

La mwisho, maana wengi wenu mnaishi kwenye apatimenti na mtasema haya ni ya wenye ranchi. Utah, mwaka 2025, mbunge wa Republican aitwaye Raymond Ward, ambaye ni daktari, alileta sheria ndogo: mtu anaweza kununua paneli ya sola isiyozidi wati 1,200, aitundike barazani na kuichomeka kwenye soketi ya ukutani, bila mkataba na kampuni ya umeme, mradi kifaa kijizime umeme wa mtaa unapokatika. Ilipita bila kura hata moja ya kupinga. Nataka Texas iwe na sheria kama hiyo, na nataka ile miswada mitatu isirudi. Bunge letu linakutana tena Januari 2027. Pale mlangoni kuna karatasi yenye namba za simu za ofisi za wawakilishi wa wilaya zetu. Mwenye kura apige, ataje jina na mtaa wake, ataje miswada kwa namba zake: 819, 388, 715. Asiye na kura bado amwombe jirani yake mwenye nayo.

Mwenyekiti, nipokee maswali.