Jina lilelile, umbo jingine

Asanteni kwa kunikaribisha, ndugu zangu. Leo nazungumzia jinsi maktaba za programu zinavyoweza kubadilika na kuharibu programu zinazozitegemea, na jinsi ya kujikinga. Nianze na mwaka 2010, lilipotoka toleo la 14 la Fedora, distro (mkusanyiko kamili wa programu) ya Linux. Watu walisasisha mashine zao, wakacheza video kwa Flash, programu ya kuchezea video kwenye kivinjari, sauti ikaanza kukwaruza. Flash yenyewe haikuguswa hata baiti moja. Kilichobadilika ni glibc, maktaba inayotegemewa na karibu kila programu kwenye distro hiyo. Ndani yake mna fanksheni iitwayo memcpy, ambayo hunakili baiti kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine. Ili kuongeza kasi kwenye baadhi ya prosesa, ilianza kunakili kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Mwongozo wa memcpy ulikuwa umekataza tangu zamani sehemu hizo mbili kupishana. Flash iliziacha zipishane. Kwa mujibu wa maandishi, basi, kosa ni la Flash. Lakini mtumiaji hana msimbo wa Flash, ataurekebisha vipi? Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliingia kwenye mjadala ule akiwatetea watumiaji, nami niko upande wake. Programu iliyofanya kazi jana haifai kuharibika leo kwa sababu tu aya fulani ya mwongozo inaturuhusu kuiharibu.

Suluhisho lilikuja 2011 na glibc 2.14, na ukiangalia simboli za maktaba (majina ya fanksheni inazozitoa kwa programu) kwenye mashine ya biti 64 utaliona mpaka leo. Programu ya zamani huomba memcpy@GLIBC_2.2.5, ikapewa ile inayovumilia kupishana. Iliyoundwa baadaye hupata memcpy@GLIBC_2.14, yenye kasi. Hakuna aliyelazimika kuunda chochote upya.

Kwa sisi tunaotunza vifurushi, yaani programu na maktaba zilizofungwa tayari kusakinishwa, kinga ya kwanza ni ya kawaida kabisa. Debian, distro nyingine, huweka kwenye kifurushi cha maktaba faili linaloishia na .symbols: kila mstari una jina la simboli na toleo ilipoonekana mara ya kwanza. Wakati wa kuunda kifurushi, chombo kiitwacho dpkg-gensymbols hulinganisha orodha hiyo na maktaba mpya. Simboli ikitoweka, kazi inakwama palepale. Mtunzaji airudishe, au abadilishe soname (jina la maktaba ambalo programu hulitafuta inapoanza) na jina la kifurushi, ili maktaba ya zamani na mpya zikae pamoja.

Ila faili hilo linajua majina tu. Maumbo, yaani ukubwa na mpangilio wa data, halijui, na hapo ndipo nawasihi muwe macho. Chukueni time_t, aina ya data inayohesabu sekunde tangu 1970. Ikiwa ya biti 32 itafurika tarehe 19 Januari 2038. Ukiipanua iwe biti 64, kila muundo wa data unaoibeba unabadilika ukubwa, na simboli zote zinabaki na majina yaleyale! Chombo kama abidiff, kinachosoma taarifa za utatuzi (maelezo ya ziada kuhusu msimbo yanayosaidia kutafuta makosa), ndicho kitakachokuonyesha tofauti.

Debian walipotekeleza upanuzi huo mwaka 2024, kifurushi cha maktaba ya usimbaji, libssl3, kikawa libssl3t64, ingawa faili la ndani bado linaitwa libssl.so.3. Mamia ya vifurushi yalipewa majina mapya namna hiyo, kazi ya kuchosha kweli, ili programu ya zamani isije ikapakia maktaba yenye umbo jingine bila kujua. Kwenye i386, toleo la Debian la prosesa za biti 32 za aina ya Intel, time_t iliachwa na biti 32 zake kwa makusudi. Kazi kubwa ya i386 sasa ni kuendesha programu za zamani ambazo hakuna tena wa kuziunda upya.