Wadudu kwenye Bodi ya 917: Mhadhara kuhusu Magari ya Kuenzi

Hamjambo nyote, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mafundi mliofunga karakana mapema ili mje. Nitaanza na wadudu, magari yatafuata.

Oktoba 1969, kwenye uwanja wa mbio wa Zeltweg, Austria, kampuni ya Porsche ilikuwa na gari lililowashinda wenyewe waliolitengeneza. Liliitwa 917. Injini ya silinda 12, chasisi ya mabomba ya alumini, na kasi ambayo madereva waliozoea kasi waliiogopa. Kwenye barabara iliyonyooka mkia ulikuwa unaelea, gari linayumba huku na huku kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Juni mwaka huo, katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, dereva John Woolfe alikufa ndani ya 917 kwenye mzunguko wa kwanza tu.

Sasa wako Zeltweg, wanakuna vichwa. Wamebadilisha springi, wamebadilisha matairi, wapi. Ndipo mhandisi mmoja Mwingereza, John Horsman, alipoinama kuitazama bodi yenyewe. Mbele kumejaa wadudu waliopondeka. Nyuma, kwenye spoila, ule ubao unaotumia upepo kuukandamiza mkia chini, hakuna mdudu hata mmoja. Safi kabisa.

Nani ananiambia maana yake? Naam, mama pale nyuma: upepo haufiki. Mdudu husafiri na upepo. Kama mdudu hakufika kwenye spoila, basi hata upepo haukuifika, na ile spoila ilikuwa inabebwa bure kama abiria asiyelipa nauli. Mafundi wakachukua mabati ya alumini, mkasi na ribiti, wakaunda mkia mfupi ulioinuka, palepale uwanjani. Fundi bati wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, angejiona yuko nyumbani. Madereva walipoingia tena barabarani, yale malalamiko yakaisha. Mwaka uliofuata, 1970, Hans Herrmann na Richard Attwood wakaipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla Le Mans, wakiendesha 917 nyekundu na nyeupe yenye namba 23. Mwaka 1971 gari la aina hiyohiyo lilikimbia kilomita 5,335 katika saa 24, na rekodi hiyo ya umbali haikuvunjwa hadi 2010.

Nimekaa na wadudu kwa sababu umbo lile la mkia ndilo leo watu wanalolichora, wanalolibandika ukutani, wanalolinunulia watoto kama gari la kuchezea. Wanaliita zuri. Mimi pia naliita zuri. Lakini hakuna aliyekaa akasema, “Leo nachora kitu kizuri.” Walikuwa wanatafuta gari lisilowaua.

Sasa tuje kwenye kinachoitwa gari la dhana: gari linalotengenezwa lionyeshwe, si liuzwe. Mara nyingi ni moja tu duniani. Na katika hayo, kuna ukoo mmoja unaonivutia na kuniudhi kwa pamoja: magari ya dhana yanayoenzi magari ya zamani ya mbio za uvumilivu, zile za saa nyingi mfululizo kama Le Mans. Kampuni inachukua babu yake aliyeshinda, inamchora upya kwa taa za kisasa na matairi mapana, inamsimamisha jukwaani.

Porsche nao wamefanya hivyo kwa 917. Walipokuwa wanajiandaa kurudi Le Mans, mwaka 2013, wachoraji wao walitengeneza 917 mpya kwa ukubwa wake kamili, kwa rangi zilezile nyekundu na nyeupe za 1970. Tulionyeshwa 2019, 917 ilipotimiza miaka 50. Ni nzuri ajabu. Na ni ya udongo. Simaanishi tusi, ndivyo kazi hii inavyofanyika: udongo maalumu wa kufinyangia, juu yake rangi. Injini hamna. Kwa hiyo mkia wake haujawahi kukutana na mdudu.

Swali langu kwa gari lolote la kuenzi ni moja, na nimelitumia darasani hadi wanafunzi wangu wamelichoka: hiki kilikuwa kinafanya kazi gani? Kila mkunjo wa gari la zamani, kila tundu, kila pezi, lilikuwa na kazi. Anayeenzi akiijua kazi hiyo, gari lake huongea. Asipoijua, amevaa koti la marehemu.

Mfano mdogo kuliko yote ni kishikio cha gia. Kwenye 917 kilikuwa cha mbao nyepesi ya balsa. Kwa nini mbao ndani ya gari la mbio? Gramu. Walikuwa wanapunguza gramu kila mahali, hata mkononi mwa dereva. Baadaye Porsche walionyesha Carrera GT kama gari la dhana mjini Paris mwaka 2000, na ile iliyokuja kuuzwa ilikuwa na kishikio cha gia cha mbao. Tajiri anayelinunua akiuliza “mbona mbao?”, jibu lake ni hadithi nzima ya 917. Kipande kinachotosha kiganjani kimefanya kazi ambayo mabawa makubwa hushindwa kuifanya.

Nikisema mabawa, nawafikiria BMW. Gari lao la 3.0 CSL la miaka ya 1970: herufi L ni ya neno la Kijerumani la “nyepesi”. Milango, boneti na buti vilikuwa vya alumini, na bati la bodi lilipunguzwa unene. Halafu lilivishwa mapezi juu ya madigadi na bawa kubwa nyuma, watu wakalibandika jina la Batmobile. Kanuni za mbio zilidai vifaa hivyo viuzwe pia kwa mteja wa kawaida, ilhali sheria za barabara za Ujerumani hazikuruhusu bawa lile. Wakafanyaje? Mteja alikabidhiwa gari, na bawa limelazwa ndani ya buti. Ukifika kwako, shauri yako. Nacheka kila ninapolisimulia, maana hiyo ni akili ya kwetu kabisa.

Gari lile lilishinda mbio za saa 12 za Sebring, Marekani, mwaka 1975. Miaka 40 baadaye, Mei 2015, BMW wakaleta 3.0 CSL Hommage kwenye maonyesho ya Villa d’Este, Italia, la rangi ya manjano ya dhahabu, na miezi michache baadaye jingine la sura ya mbio, Hommage R, huko California. Nyuzi za kaboni zimechukua nafasi ya alumini, na hapo nawapa maksi: wameelewa kwamba jambo lilikuwa wepesi, si alumini. Lakini mapezi, jamani. Yale ya zamani yalikuwa vipande vya kufungwa kwa skrubu, kila kimoja na sababu yake. Haya ya 2015 yanapiga kelele yote kwa pamoja, kama kwaya ambayo kila mtu ni mwimbaji mkuu. Mwalimu mwenzangu hapa mbele ananitikisia kichwa, yeye hulipenda. Tutabishana kwenye chai.

Ninaloliheshimu kuliko yote halipo tena: Furai la Mazda. Lakini kwanza babu yake. Mwaka 1991 Mazda 787B, namba 55, lilishinda Le Mans kwa mizunguko 362, likiwa gari la kwanza kutoka Japani kufanya hivyo. Injini yake haikuwa na pistoni za kupanda na kushuka. Ilikuwa na rota nne za pembetatu zinazozunguka, na mlio wake, waliousikia wanasema, ulikuwa unapasua hewa. Johnny Herbert aliyelifikisha mwisho alikuwa amekaukiwa maji hata hakuweza kupanda jukwaani kupokea ushindi na wenzake.

Januari 2008, huko Detroit, Mazda walionyesha Furai, yaani sauti ya upepo. Waliandika namba 55 ubavuni. Tena hawakufinyanga udongo: walichukua chasisi ya kampuni ya Courage iliyokwisha kukimbia mbio za uvumilivu Marekani, wakaweka injini ya rota tatu yenye nguvu za farasi 450, ikinywa ethanoli. Gari likaendeshwa kwelikweli. Na mwaka huohuo, likiwa Uingereza linapigwa picha na kuendeshwa, likashika moto likateketea. Mazda walinyamaza; wengi wetu tulijua habari hizo mwaka 2013.

Mnanitazama kwa huzuni. Mimi nililia kidogo, nakiri. Lakini fikirini: liliungua kwa sababu lilikuwa na mafuta, lina joto, linakimbia. Gari la mbio huishi jirani na moto. Lile la udongo litadumu kwenye makumbusho hata wajukuu zenu walione, na sijui mnisemeje, bado nachagua Furai.

Sasa turudi nyumbani, maana na sisi tumo, ingawa watu husahau. Safari Rally ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilikuwa mbio za uvumilivu za aina yake: matope, mawe, vumbi, ng’ombe barabarani. Pasaka ya 1978, Porsche walileta 911 mbili zilizoinuliwa hadi tumbo la gari likaacha sentimita 28 kutoka ardhini. Moja iliendeshwa na Björn Waldegård, nyingine na Mkenya wetu Vic Preston Jr., ambaye alimaliza wa pili. Wa kwanza alikuwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas, kwa Peugeot 504 Coupé.

Sikilizeni sasa. Wa kwanza na wa pili wa mwaka ule, magari yote mawili yameenziwa. Mwaka 2012 Porsche walitengeneza 911 Vision Safari, wakaificha mpaka 2020 walipofungua makabati yao. Imeinuliwa, ina madigadi yaliyovimba, ina bampa ya kukabili matope. Ukiuliza “inafanya kazi gani?”, kila kitu kina jibu. Miaka miwili baadaye wakauza 911 Dakar, iliyoinuka vilevile, na jina wakalipeleka kwenye mbio za jangwani. Mimi nilitaka Safari. Basi, ni biashara yao.

Na Peugeot? Maonyesho ya Paris ya 2018 waliienzi 504 Coupé kwa gari la umeme liitwalo e-Legend. Viti vya mahameli. Skrini ya inchi 49. Na ukitaka, gari linajiendesha lenyewe, usukani unajikunja na kujificha. Nimepiga picha kichwani: Nicolas yuko katikati ya matope, anautafuta usukani. Cheka tu, mzee, nami nimecheka. Umbo la nje wamelishika vizuri mno, ule mstari wa paa na dirisha la nyuma, sina ubishi. Ila 504 kwetu ilijulikana kwa kufika. Ile ya kawaida, isiyo Coupé, ndiyo iliyobeba abiria wa masafa marefu miaka na miaka, na mizigo kwenye keria, na mbuzi juu ya mizigo.

Saa yangu imekwisha, wananionyesha kadi. Nina kazi moja kwenu wanafunzi. Mjomba wangu ana 504 nyuma ya nyumba, haijatembea miaka mingi, kuku wanataga ndani ya buti. Jumamosi asubuhi tutakwenda kuipima. Leteni tepu na daftari, msichore kitu. Mtalala chini ya gari, mtanieleza springi ile ndefu ilikuwa inafanya kazi gani, na kwa nini mkia wake unainuka hivyo mpaka mtu apakie mzigo. Viatu vibovu, tafadhali, na msiwasumbue kuku.