Mavazi ya Mwalikwa Harusini: Soma Kadi Kabla ya Kufungua Kabati

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia mavazi ya mtu aliyealikwa harusini, si ya bibi harusi wala ya bwana harusi, ambao tayari wana wapambaji na washauri wa kutosha. Mimi ni Zuhura, nazungumza kutoka Mombasa, na mwenzangu Kaka Idrisa yuko Dar es Salaam, ambako ndoa moja huweza kugawanyika katika shughuli tatu au nne, na kila shughuli ikawa na vazi lake.

IDRISA: Ahsante, Dada Zuhura. Nianzie hapo hapo, kwa sababu waalikwa wengi huuliza wavae nini kabla hawajajua vizuri wamealikwa katika shughuli ipi. Huku kwetu kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna ibada ya ndoa kanisani au akdi msikitini, kisha kuna tafrija ya ukumbini usiku. Kicheni pati ni ya wanawake, na kazi yake ni kumfunda binti na kumpa vyombo vya kuanzia maisha. Humo gauni la kitenge au doti ya kanga inatosha kabisa, na anayekuja na gauni la kuburura chini atajinyima raha ya kucheza na wenzake. Sendofu ni ya upande wa mwanamke, familia inamuaga binti yao, nayo huwa na rangi zake. Tafrija ya siku ya ndoa mara nyingi husimamiwa na upande wa mwanamume, na rangi zake ni nyingine. Kwa hiyo, aliyealikwa kote kuwili asome kadi zote mbili.

ZUHURA: Na hizo rangi zinazoandikwa kwenye kadi, je, kila mwalikwa anawajibika kuzivaa?

IDRISA: Mimi naona hapana, isipokuwa kadi iseme waziwazi. Rangi hizo kwanza ni za mapambo ya ukumbi, za wasimamizi na za ndugu wa karibu. Mwalikwa wa kawaida anaweza kuonyesha kuwa amezizingatia kwa tai, kilemba au mkoba, na wenye shughuli watafurahi. Kuna mtu anayekaa nyumbani kwa sababu hana gauni la rangi iliyotajwa, na hilo linanisikitisha sana, kwa kuwa familia iliyompelekea kadi ilimtaka yeye mwenyewe awepo.

ZUHURA: Hapo tuko pamoja. Kwetu Pwani, jambo la kutangulia rangi ni kujua umealikwa kwa wanaume au kwa wanawake. Akdi kwa kawaida hufungwa na wanaume, msikitini au nyumbani, na vazi lake halina utata: kanzu safi iliyopigwa pasi, na kofia, hasa ile ya kushonwa kwa mkono kama bulibuli. Anayependa huongeza koti juu ya kanzu. Joho na jambia, hata kama unavyo nyumbani, mwachie bwana harusi, kwa sababu kwa vitu hivyo ndipo watu wanapomtambua katikati ya kundi la kanzu nyeupe.

IDRISA: Na asiye Mwislamu akialikwa akdi?

ZUHURA: Suruali pana na shati la mikono mirefu vinamtosha, hakuna atakayemlaumu kwa kukosa kanzu. Ila akumbuke kwamba atavua viatu mlangoni na kukaa chini kwenye mkeka au zulia, pengine kwa muda mrefu, kisha huenda akala pilau au biriani kwenye sinia pamoja na watu wengine. Suruali ya kubana itamtesa, na soksi iliyotoboka itaonekana na kila mtu. Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yanayomfanya mgeni akae kwa utulivu.

IDRISA: Sasa tueleze upande wa wanawake, ambao sisi tunausikia tu.

ZUHURA: Upande wa wanawake ndiko kuliko na mengi. Usiku wa kupamba, bibi harusi hukaa mbele ya wanawake akiwa na hina yake, dhahabu yake na maua ya asumini, na wanawake wote waliokuja kumtazama nao wamejipamba. Mgeni kutoka Bara au ng'ambo, akiwaona wanawake wakishuka magarini na mabuibui meusi, hudhani kwamba ni shughuli ya kujisitiri mwanzo hadi mwisho, naye huja na dera la nyumbani. Akifika ndani, mabuibui yanavuliwa, na anakuta magauni ya kumetameta, shanga, mikufu na bangili. Kwa hiyo mwanamke anayealikwa kupamba avae gauni lake zuri kuliko yote, kisha avae buibui au abaya juu yake mpaka atakapoingia ndani. Na asipige picha. Wanawake wamefunua nywele na mabega kwa sababu wanaaminiana, na simu moja inaweza kuivunja imani hiyo.

IDRISA: Nakuomba tukae kidogo kwenye kanga, au leso kama mnavyoiita Mombasa, kwa sababu ni vazi ambalo tunalo pande zote mbili.

ZUHURA: Kanga ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa. Huwezi kuvaa kanga harusini bila kusoma jina lake, kwa kuwa wenzako watalisoma, na watajiuliza umemkusudia nani. "Nani kama mama" haina ubaya popote, hasa ukiwa upande wa mama wa bibi harusi. "Wache waseme" ni maneno ya ugomvi, na ukiyavaa mbele ya wifi au mke mwenza umeanzisha neno ambalo shughuli hiyo haikulihitaji. Kisha kuna kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo tangu zamani ni kanga ya bibi harusi. Mimi ningemshauri mwalikwa aiache kisutu yake nyumbani siku hiyo, jinsi ambavyo aliyealikwa kanisani huacha gauni jeupe refu.

IDRISA: Umenikumbusha kanisani. Mabega wazi na mgongo wazi havifai wakati wa ibada, hata kama gauni ni la bei kubwa. Mtandio mpana au kanga ya kujitanda hulimaliza tatizo hilo, kisha jioni ukumbini mtu anaweza kuuondoa. Lakini kuna jambo ambalo nataka tulijadili kwa uzito, nalo ni sare. Mtu amekwisha kutoa mchango wa harusi, anaambiwa anunue kitenge cha sare, amlipe fundi, na mwezi unaofuata kuna ndugu mwingine anaoa. Huo ni mzigo mkubwa kwa mtu mwenye mshahara mdogo.

ZUHURA: Ni mzigo, sikatai. Hata hivyo siwezi kuitupa sare, kwa sababu ndugu wanaposimama wote katika nguo moja, tajiri na maskini hawatofautishwi, jambo ambalo halipatikani kila mtu anapojivalia apendavyo. Lawama naielekeza kwa wanaochagua kitambaa ghali. Wakichagua leso, doti moja ina vipande viwili: kimoja kinashonwa, kingine kinatumika kujitanda, na baada ya harusi nguo ile inaendelea kuvaliwa nyumbani kwa miaka.

IDRISA: Hapo nakubali, kwa sharti kwamba anayeshindwa kununua aambiwe mapema kuwa atapokelewa na vazi lolote la heshima. Wenye shughuli waliseme wao wenyewe, wasimwachie mtu aombe. Pia watangaze sare mapema, kwa sababu mafundi huelemewa: Desemba huku kwetu, na kwenu nadhani Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.

ZUHURA: Mfungo Mosi, na hata Shaabani, kwa kuwa watu huharakisha ndoa kabla ya Ramadhani. Mpelekee fundi kitambaa majuma kadhaa kabla, na uijaribu nguo mbele yake ukiwa umekaa, si umesimama tu, maana saa nyingi za harusi utakuwa umekaa.

IDRISA: Na manukato?

ZUHURA: Fukiza nguo udi usiku wa kuamkia shughuli, kisha uitundike. Kwa wanaume, halua na kahawa zikiletwa baada ya akdi, mkunje mikono ya kanzu kabla ya kupokea, kwa sababu doa la kahawa kwenye kanzu nyeupe halitoki kwa maji matupu.

IDRISA: Wasikilizaji, kipindi kijacho tutazungumzia zawadi: nani anapeleka nini, na ipelekwe siku gani.