Tazama Pembe ya Karatasi Kwanza

Hamjambo mafundi. Naona wengine mmetoka moja kwa moja sokoni Kibuye, mikono bado ina grisi. Karibuni.

Reli ilifika hapa Kisumu Desemba 1901. Mwaka uliofuata, meli ya mvuke Winifred ikashushwa ziwani. Vipande vyake viliundwa Paisley, Uskoti, vikavuka bahari, vikaja kuunganishwa papa hapa. Aliyetoboa bamba kule hakumjua atakayetia riveti huku. Kilichowakutanisha ni mchoro na vipimo vyake.

Sasa niwatolee aibu yangu. Nikiwa kijana nilipewa mchoro wa kishikizo cha mashine ya kusaga unga. Nikakata, nikatoboa, nikachomelea safi kabisa. Kikakataa kukaa! Tundu lililotakiwa mbele, mimi nililiweka nyuma. Mchoro ule ulifuata mtindo wa pembe ya tatu, wanaoutumia Wamarekani: ukikitazama kitu kutoka kulia, unachokiona kinachorwa kulia. Mimi nilifunzwa pembe ya kwanza, ya Ulaya, ambapo hichohicho kinachorwa kushoto. Alama ya kunionya ilikuwepo kwenye pembe ya chini ya karatasi, koni iliyokatwa ncha pamoja na duara mbili. Niliiona kama pambo tu. Bamba la milimita 10 likaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na gharama nikalipa mimi.

Kuhusu chuma chenyewe sitakaa sana. Chuma laini cha mageti kina kaboni chini ya asilimia 0.3, tupa ina zaidi ya asilimia 1, ndiyo maana ukiiangusha sakafuni huweza kukatika. Ukiokota kipande usichokijua, kiguse kwenye grenda, miwani ikiwa machoni tafadhali. Chuma laini hutoa cheche ndefu zenye matawi machache. Tupa kuukuu huchanua kama fataki. Hiyo ndiyo ya kufulia patasi.

Na msumeno wa chuma: meno yaelekee mbele, mbali na mpini, na angalau matatu yaguse chuma kwa wakati mmoja. Kwa bati jembamba tumieni wembe wa meno 32 kwa inchi. Ule wa 18 utanasa na kung'oka meno, kisha mtamlaumu mwenye duka.

Haya, tusogee kwenye vaisi ya kubania chuma, au jiliwa kama vitabu vinavyoiita. Mwenye rula aje nayo mbele.