Nani Alimwona? Nidhamu ya Wapandaji Porini Katika Mbio Ndefu za Farasi

(Mhadhara kwa wanafunzi wa mifugo na waandaaji wa mbio za baiskeli, Tabora)

Mwangaluka!

Najua mnajiuliza, mzee huyu na farasi wake wapi na wapi? Stanley, yule mpelelezi, alipofika Kwihara hapo jirani mwaka 1871, farasi wawili aliotoka nao pwani walikuwa wameshamfia njiani. Na ndorobo, yaani mbung'o, wa mapori yetu hawajawahi kumwonea huruma farasi. Lakini punda tunao, na baiskeli tunazo, kwa hiyo tutaelewana.

Mbio hizi ndefu za farasi kwa sura ya leo zilianza Marekani mwaka 1955, Wendell Robie na wenzake walipotoka Tahoe hadi Auburn, California, kilomita zipatazo 160 ndani ya siku moja. Hakuna uwanja wala jukwaa. Mpandaji anaweza kwenda saa nzima bila kuonana na mtu, na hapo ndipo tabia yake halisi hujitokeza.

Kuna anayekata njia, kuna anayekupita kwa shoti kwenye kinjia chembamba bila kuomba njia. Hayo mnayajua kwenye baiskeli. Kosa ambalo mgeni halioni ni la majini. Nilipokuwa mdogo nilipeleka punda kisimani kila kiangazi. Punda wa mbele akishakunywa ukamswaga, wa nyuma wanainua vichwa, maji yanawachuruzika midomoni, wanamfuata. Hawajanywa! Farasi ni vivyo hivyo, hofu ya kuachwa inashinda kiu. Mpandaji akiondoka mtoni kwa kasi, farasi wa mwenzake anakatisha kunywa. Kilomita ishirini mbele tumbo linamsokota, na hakuna anayeukumbuka ule mto.

Ufanyeje? Kwanza sema papo hapo, kwa adabu: "Ndugu, nisubiri kidogo, farasi wangu anywe." Wengi hawajui tu. Likiwa kubwa, litoe kwenye kituo cha ukaguzi kinachofuata, pale farasi wanapopimwa afya, siyo jioni baada ya matokeo, maana malalamiko ya jioni hunuka wivu. Taja namba ya mpandaji, mahali, saa, na ulichokiona kwa macho yako. Karani aandike. Mtuhumiwa aitwe pembeni asikilizwe. Waandaaji wanaokimbilia kipaza sauti wananikera, nasema wazi.

Halafu muulizeni farasi. Akipumzika, moyo wake hupiga kama mara 30 hadi 40 kwa dakika. Akitoka mbioni hupanda, na kwenye ukaguzi wa mbio za kimataifa unatakiwa ushuke hadi 64, ndani ya muda uliowekwa, la sivyo haendelei. Bonyeza ufizi uone damu inarudi upesi kiasi gani. Vuta ngozi ya shingo. Ikichelewa kulala, maji yamepungua mwilini. Ila angalieni: mapigo hayamtaji mkosaji. Jua kali nalo huyapandisha.

Mwaka mmoja nilisaidia ukaguzi kwenye mbio fulani. Kijana aliyewekwa mtoni akaninong'oneza kwamba aliyeingia wa pili alikuwa amempiga farasi kwa tawi, na kanuni za kimataifa za mbio hizi zinakataza hata mjeledi. Nikapitisha kiganja ubavuni kinyume cha manyoya: vimbe tatu, na farasi akashtuka. Waandaaji tukatazamana. Yule bwana ndiye aliyetuletea lori la maji. Tukamwonya kwa mdomo, yakaisha. Mwaka uliofuata matawi yalikuwa manne.

Lori lile bado linaniuma. Ndiyo maana nasema adhabu ziandikwe kabla ya mbio: onyo, kuongezewa dakika, kuondolewa, kufungiwa. Mwezi Machi 2015 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lilisimamisha chama cha taifa zima, Falme za Kiarabu, kwa masuala ya ustawi wa farasi na kuvunja kanuni, hadi Julai. Fedha zilikuwapo huko, tena nyingi. Na zawadi nazo zina nguvu: kwenye zile mbio za California, tangu 1964 kuna kikombe cha farasi aliye katika hali bora miongoni mwa kumi wa kwanza. Anayekitamani hashiki tawi.

Maswali tutayachukua nje. Chini ya mwembe kuna punda wawili wametoka kubeba madumu. Mwenye saa yenye mshale wa sekunde aje mbele; aweke kiganja hapa, nyuma ya kiwiko cha kushoto, tuhesabu.