Taroti au Lenormand? Karata mbili na kodi ya Beka

ZUU: Tumewasha? Eeh taa nyekundu naiona. Karibuni jamani, leo mezani kuna pakiti mbili za karata na Beka ananiangalia kama nimekuja na tunguri.

BEKA: Si umefunua kitambaa cheusi dada'ngu, hapohapo nikajua leo tunapigiwa ramli hewani, mama akisikia hii episodi nitaambiwa nikaoge maji ya bahari alfajiri.

ZUU: Kitambaa ni ushungi wangu wa zamani bana, meza yako ina mafuta ya chipsi. Haya, hii pakiti nene ni taroti, karata 78. Hii nyembamba inaitwa Lenormand, 36 tu. Watu wanazichanganya sana, mtu anaagiza Lenormand mtandaoni anadhani kapata taroti ya bei nafuu, ikifika anaanza kuhesabu, mbona pungufu, anagombana na muuzaji wa watu bure.

BEKA: Sasa si zote za kutazamia? Tofauti ni nini, wingi wa makaratasi?

ZUU: Nikikueleza utasinzia. Uliza kitu, nitazame kwa zote mbili, swali moja.

BEKA: Kitu chochote? Basi unajua kile chumba nilichohama. Nililipa kodi ya miezi sita, nikakaa minne, tukakubaliana vizuri kabisa atanirudishia ya miwili, sasa yule mwenye nyumba kila nikimpigia yuko msibani, mtu mmoja misiba yote hii jamani. Hela yangu inarudi au hairudi?

ZUU: Pole. Tuanze na taroti, changa mwenyewe. Haya vuta moja, weka hapa. Aaah. Vikombe vinne.

BEKA: Huyu jamaa kakasirika nini?

ZUU: Ieleze kwa wasikilizaji, unaona nini.

BEKA: Kijana kakaa chini ya mti kakunja mikono, kakunja na miguu, sura ya kununa. Mbele yake vikombe vitatu kwenye majani. Af pembeni kuna mkono unatokea kwenye wingu, mkono peke yake, umeshika kikombe cha nne unampa, na yeye wala hauangalii.

ZUU: Sasa wewe unaona nini hapo kuhusu wewe?

BEKA: Mimi? Nimekuuliza kuhusu hela wewe unaniuliza mimi?

ZUU: Ndiyo taroti hiyo. Haikujibu inarudi au hairudi, inakurudishia swali. Kuna kitu mtu anakupa wewe umenuna huoni? Labda alisema nitakulipa nusunusu ukakataa.

BEKA: ...Alisema atanipa ya mwezi mmoja kwanza. Nikamwambia zote au basi.

ZUU: Mh.

BEKA: Usiniangalie hivyo. Na hiyo umebahatisha.

ZUU: Nimebahatisha, sikatai, mimi sina jini wala sijui nani yuko nyuma ya karata. Ila picha imekutoa neno ambalo hukunipa nilipokuuliza, hiyo ndo kazi yake. Sasa Lenormand, tunavuta tatu, hii moja moja haisomeki. Changa. Weka kutoka kushoto. Samaki. Panya. Mlima.

BEKA: Hizi picha za darasa la kwanza! Samaki, panya, mlima, mbona hakuna hata mtu?

ZUU: Na hapa sikuulizi unajisikiaje. Samaki ni hela, panya ni kutafunwa, mlima ni kizuizi. Hela imetafunwa na mbele kuna mlima. Yaani kaitumia, na hata hiyo iliyobaki utaisotea.

BEKA: Duh. Bila hata pole.

ZUU: Bila pole, na ndo raha yake. Lenormand unaisoma kama sentensi, karata ya kwanza ndo jina, inayofuata inaisifia ile iliyotangulia. Wazungu wa Kiingereza inawapa tabu kidogo kwa sababu kwao sifa inatangulia jina, sisi tunateleza tu, Kiswahili kimeshatupanga hivyo hivyo. Nyumba kubwa, mtu mrefu, hela panya. Ukipata pete halafu kitabu, pete ni ndoa, kitabu ni siri, unapata...

BEKA: Ndoa ya siri! Hiyo karata imekaa Kinondoni kabisa.

ZUU: Umeona. Geuza, panya kwanza halafu samaki, hapo siyo hela iliyoliwa tena, ni wasiwasi wa hela unaokutafuna wewe. Kwenye taroti kupanga kunategemea umetandaza kwa mtindo gani, hapa nafasi zenyewe ndo sarufi. Kuna watu wanatandaza zote 36 mezani kwa mpigo, mistari minne, wanatafuta karata inayosimama badala yako iko wapi, halafu wanaangalia nani kakaa karibu yako na nani yuko mbali. Inachukua saa nzima na mgongo unauma.

BEKA: Na huyu Lenormand ndo aliyezichora?

ZUU: Hapana, na hapo ndo panapochekesha. Alikuwa mwanamke mtazamiaji maarufu sana Paris, Marie Anne Lenormand, kafariki 1843, halafu baada ya kufa ndo wachapishaji wakaweka jina lake kwenye pakiti ziuzike. Karata zenyewe zilitoka kwenye mchezo wa Kijerumani, Nuremberg, kama mwaka 1799 hivi, ulitungwa na mtu anaitwa Hechtel, unaitwa Mchezo wa Matumaini. Unazipanga sita kwa sita chini zinakuwa kama ubao, mnarusha dadu mnatembea, ukifika nanga, ya 35, umeshinda.

BEKA: Kwahiyo ni ludo.

ZUU: Ni ludo! Na huo mlima wako, namba 21, kwenye ule mchezo ukiukanyaga unakwama hapo mpaka mwenzako afike akuokoe, au dadu zako mbili zilale sawasawa.

BEKA: Sasa nimekwama na panya.

ZUU: Na taroti nayo hivyohivyo, Italia ya kaskazini miaka ya 1400 watu walikuwa wanacheza karata tu, wanaliana hela. Mambo ya sijui hekima ya Misri yaliletwa na Mfaransa mmoja, Court de Gébelin, 1781, akaandika kuwa ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri, na wakati huo hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua kusoma maandishi ya kale ya Misri, yalikuja kufumbuliwa 1822. Alijisemea tu.

BEKA: Na watu wakabeba.

ZUU: Mpaka leo, ingia TikTok. Lakini hii niliyonayo, yenye yule kijana wa kununa, ni ya London 1909. Inaitwa Rider-Waite. Rider mchapishaji, Waite ndo aliyetoa wazo na maelekezo. Aliyekaa akachora zote 78 ni mwanamke, Pamela Colman Smith, na jina lake kwenye pakiti halikuwepo miaka nenda rudi. Mwaka huohuo alimwandikia rafiki yake kwamba amemaliza kazi kubwa kwa hela kiduchu. Amekufa 1951 hana kitu, na karata zake ndo zinauzwa dunia nzima.

BEKA: Huyo naye alikuwa na mwenye nyumba wake.

ZUU: Angalia hapa chini pembeni, kwenye majani, umeona alama imejisokota kama kamba? Ndo herufi za jina lake, kaziweka kila karata. Walisahau kumtaja akajitaja mwenyewe kidogokidogo. Na kabla yake taroti nyingi za zamani Vikombe vinne vilikuwa ni vikombe vinne tu vimepangwa, kama karata ya kawaida, hakuna mti hakuna kununa. Yeye ndo aliyetia watu na visa kwenye hizo ndogondogo za namba, ndo maana wewe umeweza kuisoma bila kufundishwa. Mimi Lenormand ilinibidi nikariri wiki tatu, kwa sababu samaki hakuambii chochote kama hujui samaki ni hela.

BEKA: Ngoja, hapo kwenye karata za kawaida. Nimeona huku kwenye Lenormand juu kuna karata ndogo, huyu samaki ana mfalme wa uru. Panya ana saba ya pau. Na mlima nane ya pau.

ZUU: Pau kwenye Lenormand ni mkosi, karibu zote. Mawingu, nyoka, mbweha, fimbo, msalaba, zote pau.

BEKA: Na mimi nimepata mbili, asante.

ZUU: Ila sikia kitu kizuri. Kopa, uru, shupaza, pau, haya maneno tumeyatoa kwa Wareno. Copas kwao ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas panga, paus ni magongo. Sasa taroti ina mafungu gani? Vikombe, sarafu, panga, fimbo.

BEKA: Acha wewe!

ZUU: Hayohayo. Babu yangu anacheza arbastini barazani kila jioni, kila akitupa kopa anataja kikombe, ila mchoro ni moyo. Neno limebaki la zamani, picha ikabadilika. Nilivyogundua nilikaa nikacheka peke yangu kwenye daladala.

BEKA: Mzee usimwambie, ataacha kucheza. Sasa wewe binafsi ipi?

ZUU: Lenormand naipenda kwa kichwa, ila watu siwatazamii tena. Nilimtazamia binamu yangu akiwa na shida na mume, ikatoka nyoka. Kwenye vitabu nyoka ni mwanamke mjanja au mambo kupindapinda, mimi nikasema yote mawili, yeye akasikia moja. Kesho yake kamfuata jirani mlangoni, wamegombana mpaka mjumbe kaitwa, na yule jirani wala hakuwa na habari, maskini, alikuwa anaanua nguo.

BEKA: Hiyo sasa ni ramli chonganishi kabisa.

ZUU: Ndo hivyo, na mimi niliyekuwa nawasema waganga. Unajua ramli ya wazee wetu, ile ya vitone kwenye mchanga, ramli yenyewe ni mchanga kwa Kiarabu, watu wengi wanaiendea na swali moja, nani. Nani kaniibia, nani kanifunga. Lenormand inajibu nani haraka mno, mbweha yule, nyoka yule, dubu yule bosi. Taroti hata ukiilazimisha nani itakuonyesha umekunja mikono chini ya mti.

BEKA: Kwahiyo mimi nichague ipi, kununa au panya?

ZUU: Wewe chukua ya mwezi mmoja aliyokuambia.

BEKA: Tuvute tena basi, tatu tu, sikuchanga vizuri.

ZUU: Swali moja halivutwi mara mbili. Mpigie.

BEKA: Sasa hivi? Kwenye spika?

ZUU: Kwenye spika, wasikilizaji wasikie.

[Simu inaita mpaka inakatika.]

ZUU: Mlima huo.

BEKA: Si umesema dadu mbili zikilala sawa natoka? Subiri, napiga na laini ya pili, hii hana namba yangu.