Fundi Aitwe Lini?

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Mwenyekiti ameniomba tuzungumze jambo linalomkuta kila mwenye nyumba na kila mpangaji: kitu kimeharibika, je, ushike spana mwenyewe au umpigie fundi? Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Dar es Salaam, kwa hiyo mnaweza kudhani nitasema niitwe kila mara. La hasha. Kazi nyingine mkiniita nitawashangaa.

Wengi huuliza kama kazi yenyewe ni ngumu. Swali hilo halisaidii sana, maana kufunga soketi si kugumu hata kidogo. Jiulize hivi: nikikosea, nitajua lini?

Koki ya jikoni inavuja. Unafunga valvu, unafungua koki, unabadilisha washa (kile kipete cha mpira cha ndani), unarudishia, unafungulia maji. Kama umekosea, maji yatakurukia usoni papo hapo, utacheka, utarudia. Kitasa, bawaba, boya la tangi la choo, vyote ni vivyo hivyo. Fanyeni wenyewe, na vijana wa nyumbani wafundishwe, wa kike na wa kiume.

Sasa chukua heta ya kuogea, ile inayochemsha maji hapo hapo bafuni. Tuseme ina wati 5,000. Umeme wetu ni volti 230. Gawanya, utapata karibu ampea 22. Laini ya taa kwa kawaida ni waya wa milimita 1.5 za mraba, na breka yake ni ndogo; haviwezi kubeba mzigo huo. Mtu anaona waya wa taa uko jirani na bafu, anaunganisha humo humo. Maji yanachemka, familia inafurahi. Baada ya muda breka inaanza kukata. Anaitwa fundi Maiko (mnamjua, yule wa kubahatisha, kila mtaa unaye), anasema breka mbovu, anafunga kubwa zaidi. Haikati tena, anasifiwa, analipwa. Kumbe ile breka ilikuwa nzima na ilikuwa ikiulinda waya. Sasa waya unapata moto nyuma ya lipu, kila asubuhi watu wakioga, na hakuna anayeuona.

Kukosa ethi, yaani ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ndiko kubaya zaidi. Heta isiyo na ethi inachemsha maji vizuri kabisa, sawa na yenye ethi. Tofauti utaijua siku umeme utakapovuja na wewe umelowa.

Kazi kama hiyo aje fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, na muombe uione. Akinuna, mwache aende. Mita ya LUKU na waya unaotoka nguzoni hata mimi sivigusi. Hivyo ni vya TANESCO.

Kuta nazo zina yake. Tumelelewa na ile methali ya kuziba ufa, basi tukiona ufa tunakimbilia saruji. Nyufa nyembamba kama unywele juu ya lipu mara nyingi ni lipu tu imekauka na kusinyaa. Ziba, paka rangi, endelea na maisha. Lakini ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka mshazari, na mlango nao umeanza kukwama, huo usiuzibe kwanza. Weka alama ya penseli pale ulipoishia, andika tarehe, pima na upana wake. Ukiona unarefuka au kutanuka, mwite mhandisi aliyesajiliwa. Ukiuziba mapema umeficha ushahidi, na msingi bado unatitia.

Bomba lililozikwa ukutani unaweza kulichunguza bila kuvunja kitu. Funga koki zote usiku, hakikisha matangi yamejaa, soma mita ya maji, isome tena alfajiri. Kama imesogea na hakuna aliyetumia maji, kuna mahali panavuja, na hapo mtafute fundi bomba.

Shimo la maji taka nalisema kwa ufupi: asiingie mtu. Si wewe, si kijana wa kibarua, wala si wa kumfuata aliyeanguka. Hewa ya mle inaua, na wanaokufa wa pili mara nyingi ni waokoaji.

Dada pale mbele ameuliza habari ya hela. Kwetu, kwa kazi nyingi ndogo, kinachouma ni vifaa kuliko ufundi. Kwa hiyo kumkwepa fundi kwa kazi ya waya unaokoa kidogo, na kumpata mbovu unapoteza vifaa vyote. Mwambie aandike vifaa kando na ufundi kando, kisha nenda naye dukani. Usimalize kumlipa siku ya kwanza; ukishamaliza, simu yake haitapatikana. (Mnacheka, yamewakuta.) Mpangaji, kabla hujatoa hela yako kwa waya wa ukutani au bomba, ongea na mwenye nyumba, na mkubaliane kwa maandishi kama itakatwa kwenye kodi.

Halafu kabla fundi hajafunika kazi kwa lipu, piga picha kwa simu: waya umepita wapi, bomba limekunjia wapi, viungo viko wapi. Weka na futi ya kupimia kwenye picha. Siku utakapotaka kutundika kabati utajua pa kutoboa, na fundi mwingine akija hatavunja ukuta mzima kutafuta kiungo kimoja.

Haya, mzee wangu wa kule nyuma alinyoosha mkono zamani. Karibu uulize.